Michezo elfu bila shahidi

Nyuma ya genge la mboga mtaani kwetu kuna benchi la mbao, na mbele yake ubao wa drafti uliochorwa juu ya kipande cha plaiwudi. Kete ni vizibo vya soda: vya mmoja vimelala chali, vya mwenzake vimelala kifudifudi. Mchezo wenyewe huchukua dakika kumi, kesi yake huchukua saa nzima. Aliyeshindwa hajainuka bado, tayari fundi pikipiki anarudisha vizibo pale vilipokuwa na kumwambia, "Hapa ndipo ulipokufa. Ulikimbilia kula moja, ukamwachia njia ya kingi." Mwingine anapinga. Mzee mwenye baraghashia anasema kosa lilianza zamani, tangu alipozisogeza kete zake zote pembeni. Watu watatu ambao hata hawakucheza wanamsomea mwenzao mchezo wake, bure, na kesho akirudi hapo hakosei tena mahali pale.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 19 na hajawahi kukaa kwenye benchi hilo. Yeye anacheza sataranji kwenye simu. Ameshacheza michezo zaidi ya elfu moja dhidi ya watu asiowajua, wa nchi asizozijua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia alikufa wapi. Mchezo ukiisha, kidole chake kinabonyeza mchezo mwingine kabla hajavuta pumzi.

Alinijia Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. "Shikamoo mjomba. Nimekwama. Mwezi wa nane huu niko palepale." Akanionyesha alama zake, grafu iliyolala kama barabara ya jangwani. Na tayari alikuwa na jibu lake: tatizo ni ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo. Alitaka nimchangie fedha za kozi ya video. Nikamwambia kabla ya kununua dawa tujue ugonjwa. Tukakubaliana kuusoma mchezo wake pamoja, Jumapili nne mfululizo, na ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona, kwa ruhusa yake. Vijana wanaocheza hivi, peke yao, usiku, ni wengi mno kwa sasa, na nadhani wengi wao watajiona humu.

Tuanze na ile namba, maana ndiyo inayowanyima usingizi. Mfumo wa alama za sataranji ulitengenezwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa mwalimu wa fizikia Milwaukee, Marekani. Shirikisho la Marekani lilianza kuutumia 1960 na lile la dunia, FIDE, likaupokea 1970. Wazo lake ni rahisi: tofauti ya alama baina ya wawili inabashiri matokeo yao. Anayemzidi mwenzake kwa alama 200 anatarajiwa kuvuna takriban pointi 76 katika kila 100 wanazogombea. Akimzidi kwa 400, takriban 91. Mitandao mikubwa hutumia uzao wa mfumo huo, uitwao Glicko, wa Mmarekani Mark Glickman, ambao unaongeza swali moja zuri: namba hii tunaiamini kiasi gani? Mgeni katika Lichess, mmoja wa mitandao hiyo, huanzia 1500 na huwekewa alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa bado hajulikani. Kwa hiyo 1500 ya Lichess si 1500 ya mtandao mwingine, Chess.com, na zote mbili si 1500 ya FIDE. Kulinganisha hizo ni kupima kitambaa kwa pima ya fundi mmoja na kwenda kushona kwa mwingine.

Jambo la pili nililomwambia lilimshangaza. Mtandao unampangia wapinzani wanaolingana naye, basi kushinda nusu na kushindwa nusu ndiyo hali ya kawaida ya kila mtu, bingwa na asiye bingwa. Kukwama si aibu. Ila namba inafanya kazi ya kipimajoto: inasema una homa, haisemi kama ni malaria au ni jino.

Nikamwomba anichagulie michezo 20 aliyoshindwa, ya dakika kumi kwenda juu. Ile ya dakika tatu tuliiweka kando. Si kwamba haina maana, lakini pale mkono unacheza zaidi ya kichwa, na mtu ukitaka kujua anavyofikiri lazima umkute alipopata nafasi ya kufikiri. Tuliiweka kando pia michezo mitano ambayo hakushindwa na mtu: bando lilikata katikati, umeme ulikwenda, au kidole kiliteleza kwenye kioo kidogo na malkia akatua mraba usio wake. Hayo ni matatizo ya kweli, na yana dawa yake. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuthibitisha hatua kabla haijatumwa. Lakini hayatufundishi lolote kuhusu sataranji yake.

Kisha nikaweka sharti lililomchukiza: kompyuta isifunguliwe. Siku hizi kila mchezo ukiisha, programu kama Stockfish inaweza kukuonyesha makosa yako yote kwa dakika moja. Programu hiyo ni ya bure, iko wazi kwa kila mtu, na inacheza vizuri kuliko binadamu yeyote aliye hai. Shida ni kwamba inajibu swali ambalo hujauliza. Inakuambia hatua bora ilikuwa ipi. Haikuambii wewe ulikuwa unawaza nini ulipocheza mbovu. Na kilichokufungisha ni lile wazo, si ile hatua. Nikampa daftari. Kwa kila mchezo aandike kwa mkono: hapa nilidhani nini, hapa niliogopa nini, hapa nilikuwa na haraka ya nini. Kompyuta ingeitwa mwishoni, kama shahidi wa mwisho mahakamani.

Njia hii si yangu. Mwenye nayo ni Mikhail Botvinnik, Mrusi, mhandisi wa umeme aliyekuwa bingwa wa dunia kwa vipindi vitatu kati ya 1948 na 1963. Aliwahimiza wachezaji waichambue michezo yao wenyewe kwa maandishi na kuichapisha, ili wengine wapate kuwakosoa. Ndilo benchi letu la drafti hilo, ila kwa karatasi. Alivyoitumia njia hiyo juu yake mwenyewe ni moja ya visa ninavyovipenda sana katika mchezo huu. Mwaka 1960, Mikhail Tal wa Latvia, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akishambulia kama moto wa nyikani, alimvua Botvinnik ubingwa kwa pointi 12.5 kwa 8.5. Wengi walidhani mzee kaisha. Mzee akarudi nyumbani na michezo ile 21, akaisoma yote, yake na ya mwenzake. Mwaka uliofuata, akikaribia miaka 50, alimrudia Tal na kumshinda 13 kwa 8. Haki ituongoze tuseme pia kwamba Tal alikuwa akisumbuliwa na figo. Lakini aliyeifuatilia michezo ile anaona Botvinnik aliacha kupigana pale Tal alipotaka. Alifunga njia, akabadilishana malkia, akamvuta kijana kwenye michezo mirefu mikavu ambayo moto wake haukupata nyasi. Asingeweza kufanya hivyo kama angerudi nyumbani na kusema tu, "Nilikuwa na bahati mbaya."

Basi, tukasoma. Nilianza na uwezo wake, na nilianza hapo makusudi, maana mchezaji asiyejua nguvu yake huirekebisha hadi ikapotea. Kijana anaona farasi. Farasi wa sataranji anaruka kwa pembe, na wachezaji wengi wa ngazi yake hushtuka akishatua; mpwa wangu anamwona hatua mbili kabla, akitishia mfalme na ngome kwa pigo moja. Pili, si mwoga. Anatoa askari, hata askofu, kumfungulia mwenzake mlango wa kuangamia. Tatu, na hili halionekani kwenye grafu yoyote, akishindwa hasingizii.

Halafu tukaufikia ule ufunguzi aliotaka kuununulia kozi. Akiwa na kete nyeupe anacheza ule wa Kiitaliano, askofu akilenga mraba wa f7, na mweusi akijibu kwa farasi wawili, mpwa wangu anamrusha farasi wake mpaka g5. Upo mtego hapo wa karne nyingi. Mweusi akila askari wa d5 kwa farasi, mweupe anamtoa kafara farasi wake f7, mfalme mweusi anaburutwa hadi katikati ya ubao na kuchomwa pale. Waitaliano wameupa jina la maini ya kukaanga. Kijana amekula maini hayo mara nyingi sana. Ndiyo yaliyompandisha.

Na ndiyo yaliyomkwamisha. Kwa ngazi aliyofika, wapinzani wameshaujua mtego. Hawali kwa farasi. Wanampeleka farasi wa upande wa malkia pembeni, a5, wakimtishia askofu. Mweupe anabaki na askari mmoja zaidi, lakini kete zake zinafukuzwa huku na huku na za mweusi zinatoka kwa kasi. Si hali mbaya. Ni hali inayotaka subira: rudi nyuma, mfiche mfalme, ngoja mwenzako achoke. Mpwa wangu alikuwa akiendelea kushambulia kana kwamba mtego umenasa. Hapo kozi ya ufunguzi isingemsaidia. Hatua kumi za kwanza alizijua kwa moyo. Alichokosa ni kujua mchezo umegeuka.

Bado hata hilo halikuwa donda lenyewe. Donda tuliliona Jumapili ya pili, na aliyeliona ni yeye.

Ulikuwa mchezo wa dakika kumi. Alikuwa amekula ngome nzima bila malipo. Mpinzani alibaki na malkia mmoja na askari waliotawanyika. Mfalme wa mpwa wangu alikuwa amejificha vizuri nyuma ya askari watatu, wote hawajasogea, na ngome moja ikilinda mstari wa nyuma. Akaona askari wa bure upande wa pili wa ubao. Akaipeleka ngome ile ikamle. Malkia mweusi akateremka moja kwa moja hadi mstari wa nyuma, na mfalme akafungwa na askari wake mwenyewe, hana hata tundu la kupumulia. Mchezo ukaisha. Nikamwomba aangalie saa. Mtandao hutunza muda wa kila hatua, na wachezaji karibu wote hawauangalii. Alikuwa amebakiwa na zaidi ya dakika sita. Hatua ile ya kula askari aliicheza kwa sekunde mbili.

"Angalia na ule wa juzi," nikamwambia. Sekunde tatu. Ule wa kabla yake: sekunde moja. Tukapitia yote 15. Katika zaidi ya nusu yake, hatua iliyomuua ilikuwa miongoni mwa zile za haraka kuliko zote, na ilikuja pale alipokuwa anaongoza. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaandika kwenye daftari sentensi ambayo sijaihariri: "Nikishakula kete kubwa, naacha kumtazama mwenzangu."

Hakuna kozi inayouzwa yenye sentensi hiyo. Hakuna programu ambayo ingeiandika pia, kwa sababu programu, tulipoifungua mwishoni, iliiona hatua ya ngome kuwa kosa kubwa, ikaipaka rangi nyekundu, ikaishia hapo. Ile asilimia ya usahihi ambayo mtandao huwapa wachezaji baada ya mchezo ilimdanganya zaidi: mchezo huo ulimpa asilimia nzuri tu, kwani hatua 30 zilikuwa safi na moja tu mbovu. Asilimia hupanda pia mchezo ukiwa mwepesi, hata kwa mtu ambaye hakufikiri sana. Sataranji haihesabu wastani. Ujenge ukuta wa matofali 30 na uache tofali la chini kabisa, utajua wastani hauna kazi.

Niongeze jambo la mazingira, maana tathmini ya mchezaji haiishii kwenye ubao. Nyingi ya zile za sekunde mbili zilichezwa baada ya saa saba za usiku. Bando la usiku ni rahisi, basi vijana wengi huamkia hapo. Na zilikuja kwa mfululizo: kushindwa, kushindwa, kushindwa, kila mchezo ukianza sekunde chache baada ya uliopita, mtu akitafuta kukomboa alama kama mcheza kamari anavyotafuta fedha yake. Katika usiku mmoja wa namna hiyo aliangusha alama za wiki tatu.

Kasoro ya mwisho ilikuwa ya maarifa tu, na za namna hii ndizo rahisi kutibu. Hajui kumalizia. Mchezo mmoja ulibaki wafalme wawili na askari wake mmoja, na alikuwa na ushindi mkononi. Akamsukuma askari mbele haraka haraka, mfalme wake akifuata nyuma kama mzigo. Ikawa sare. Kanuni yake inafundishika kwa robo saa: mfalme atangulie, askari afuate. Mfalme wako akishafika mstari wa sita mbele ya askari wake, umeshinda, zamu iwe ya nani vyovyote, isipokuwa askari huyo awe wa ukingoni kabisa mwa ubao. José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alishikilia kwamba miisho ndiyo isomwe kabla ya mianzo. Vijana wa mtandaoni husoma kinyume, kwa sababu mwanzo hauepukiki katika kila mchezo, na mwisho wengi hawaufikii.

Nilichompangia baada ya hapo ni kidogo kwa makusudi. Michezo miwili kwa siku, ya dakika 15 na sekunde 10 za nyongeza kila hatua, kabla ya saa nne za usiku. Akishindwa yote miwili, simu iwekwe chini hadi kesho. Kwa kila hatua, kabla kidole hakijagusa kioo, ajiulize mwenzake anaweza kumtishia nini, ana kete gani ya kula, ana pigo gani. Akiwa anaongoza, ajiulize mara mbili. Na miisho mitatu ya msingi, mmoja kila wiki, juu ya ubao wa kweli, mimi nikishika kete za upande wa pili.

Sehemu iliyobaki ni mafumbo, na hapa nina msimamo. Vijana hukimbilia kufumbua mengi mapya kila siku kwa kasi. Mimi nilimpa machache, yaleyale, ayarudie hadi yamchoshe. Sababu yake ilianza kuonekana 1946, pale Adriaan de Groot wa Uholanzi alipochapisha utafiti wake juu ya fikra za wachezaji: mabingwa walionyeshwa ubao kwa sekunde chache tu na wakaupanga upya karibu wote, wachezaji wa kawaida wakashindwa. Mwaka 1973 huko Marekani, William Chase na Herbert Simon wakazitawanya kete ovyo ovyo, mahali ambapo mchezo wa kweli usingezifikisha, na ubora wa bingwa ukayeyuka karibu wote. Kumbe hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa anatambua sura, kama mvuvi anavyotambua rangi ya maji ya kina. Sura haziingii kwa kuzipita mbio. Wasweden wawili, Axel Smith na Hans Tikkanen, walitoa kitabu mwaka 2018 kinachosimama juu ya kurudia mafumbo yaleyale, kila mzunguko kwa muda mfupi zaidi. Na utafiti wa Neil Charness na wenzake, wa 2005, ulionyesha kwamba saa za kujisomea kwa makini peke yako zinahusiana zaidi na kiwango cha mchezaji kuliko saa za mashindano. Simu imegeuza hesabu hiyo: kijana anacheza saa nne na kusoma dakika sifuri.

Sijasema yote haya ni ya haraka. Wachunguzi wawili, Fernand Gobet na Guillermo Campitelli, waliwachunguza wachezaji wa Argentina wakakuta mmoja amefikia kiwango cha umahiri kwa takriban saa 3,000 za mazoezi, mwingine kwa zaidi ya 23,000. Mpwa wangu nilimsomea namba hizo mapema, asije akajipima na mtoto wa Mumbai wa miaka tisa.

Fedha hazikuhitajika. Lichess, iliyoanzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, haitozi chochote na haina matangazo. Uchambuzi, mafumbo yaliyopangwa kwa mada na kumbukumbu ya muda wa kila hatua vyote vimo. Kinachogharimu ni mtu wa kukaa naye. Phiona Mutesi, mchezaji wa sataranji wa Katwe, Kampala, ambaye maisha yake yaliingia kwenye filamu mwaka 2016, alionyeshwa hatua zake za kwanza na mtoto mdogo kuliko yeye, katika kundi la watoto la kocha Robert Katende, waliokuwa wakikaa pamoja na kutazamana wakicheza.

Jumapili ya nne kijana hakuja nyumbani kwa wakati. Nilimkuta kwenye genge. Alikuwa ameleta ubao wa sataranji niliomwazima, ameuweka juu ya plaiwudi ya drafti, na amepanga kete za mchezo alioshindwa usiku wake. Mzee mwenye baraghashia hajui sataranji, lakini alikuwa ameinama, kidole chake kikielea juu ya ngome.

"Huyu anakwenda vipi?"

"Wima na mlalo wa ubao, babu. Mbali anakotaka, njia ikiwa wazi."

"Na mfalme wako huyu nani anamlinda, huyu akiondoka?"

Mpwa wangu alitazama ubao. Safari hii hakuwa na haraka.

"Hakuna," akasema, akafungua daftari.